Hakimu Alipokuja Uwanja wa Mifupa

Niseme mapema, ili msije mkajifanya kushangaa: nilikuwa nanuka. Si jasho la mtu aliyetoka kazini. Nilinuka mifupa. Ukishika mifupa ya ng'ombe kutwa, ile yenye mafuta ya juzi, harufu inaingia kwenye kucha, inaingia kwenye nywele, inalala na wewe, na hakuna sabuni ya kipande itakayoitoa. Pale mferejini mtaani kwetu Shauri Moyo, Nairobi, nikitokea na ndoo yangu, wanawake walisogeza ndoo zao. Kanisani benchi yetu ilikuwa ile ya nyuma kabisa, karibu na mlango, na hata tukifika wa kwanza tulijua ndiyo yetu. Watoto walituimbia "Fisi wanapita! Fisi wanapita!" tukirudi jioni, mama zao wamesimama milangoni wakisikia, na sikuwahi kusikia hata mmoja akiwaambia nyamazeni.

Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Alipanda treni siku moja kwenda kumwona mamake kule kwetu magharibi, akaona vizuri sana, akakaa huko huko na mke mwingine. Mimi nikabaki na chumba kimoja cha kanjo, yaani cha baraza la jiji, na watoto wanaotaka kula kila siku, kana kwamba jana hawakula. Nilizunguka Industrial Area kutafuta kibarua mpaka viatu vikafunguka midomo. Mlinzi wa geti moja akaniambia, "Mama, hapa tunaandika wanaume. Nenda kwa wale wanawake wa mifupa, wale hawachagui mtu." Alisema akicheka. Nikaenda.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba za mwisho, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda mtoni, si mbali na soko la Gikomba. Mwenyewe alikuwa Shosho. Sote tulimwita hivyo, yaani bibi. Mjane wa Kikuyu, mfupi, mgongo umepinda kwa kubeba, ulimi haujapinda hata kidogo. Alifika pale zamani, kabla ya watu wengi kujua kwamba mfupa una mnunuzi. Aliokota kwa wachinjaji na kwenye vibanda vya supu, akaanika, akafunga magunia, na lori la kiwanda cha gundi likaja kuchukua. Wanawake wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja na balaa lake lililomleta. Tukaongeza chupa, karatasi, vitambaa, na makopo ambayo mafundi walikata wakatengeneza taa za koroboi. Kila kitu kilikuwa na chungu yake, na ole wako uchanganye mfupa na karatasi. Shosho angekutukana na kukutukania ukoo.

Siku yangu ya kwanza nilishika ufagio, maana nilitaka nionekane nafanya kazi. Shosho akanipokonya.

"We msichana! Nani alikwambia hapa ni sebuleni kwako? Uwanja haufagiwi!"

Kumbe vumbi la pale lilikuwa na mali. Misumari, vifuniko vya chupa, vipande vya shaba, vyote vilizama humo vikikanyagwa. Mvua ikinyesha, inaosha vumbi, vitu vinajitokeza vyenyewe, nasi tunainama kuokota. Ukifagia, umetupa chakula mtoni. Basi tulifanya kazi juu ya uchafu wetu, tukautunza kama watu wengine wanavyotunza shamba. Katika miaka yote niliyokaa pale sikuona tena mtu ameshika ufagio, isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo ninayowasimulia.

Kwanza walikuja wenye kamba. Wanaume wawili wa kupima ardhi, na nyuma yao meneja wa kampuni moja ambayo jina lake sitaki kulitia mdomoni mwangu. Shati jeupe, kalamu mfukoni, leso puani. Akasema kampuni yake imepewa kiwanja hiki na kanjo. Kuna mradi mpya wa kisasa. Taka za mitaa ya huku zitaletwa hapa, zichaguliwe, karatasi kando, chupa kando, mifupa kando, halafu ziuzwe viwandani zitumike tena.

Shosho alikuwa ameketi juu ya debe, akigonga mfupa kwa mfupa kutoa vipande vya nyama. Hakusimama. Akauliza, "Na sisi hapa, bwana mkubwa, unaona tunafanya nini? Tunaombea mvua?"

Meneja akatazama chungu zetu, akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekagua mboga zilizolala sokoni.

"Mama," akasema kwa upole kabisa, "nyinyi ni sehemu ya taka zenyewe."

Wale wa kamba wakacheka. Mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu. Nilikuwa nimemsikia akisema na mwenzake kwa lugha yangu, na nilikuwa nimeanza kufurahi. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Tukaambiwa tuhame kabla ya mwezi kwisha. Tuhamie wapi?

Kanisa letu lilikuwa na wakili aliyekuja Jumamosi alasiri kusaidia watu bure. Kijana, tai nyembamba, Kiswahili chake cha darasani. Tulikwenda kumwona, lakini kwanza tulioga, jamani. Tulijisugua kwa limau na jivu mpaka ngozi ikawaka. Tukavaa nguo za Jumapili, tukajipaka mafuta, wakili akatukuta tunang'aa kama watu wa arusi. Na kila Jumamosi ikawa hivyo hivyo. Yule kijana hakutuona hata siku moja tukiwa wanawake wa mifupa.

Sikatai, kazi ya vitabu aliijua. Alikwenda akaomba nakala ya mkataba, akarudi na tabasamu.

"Sikilizeni, akina mama. Kiwanja si chenu, na msithubutu kusema mahakamani kwamba ni chenu, mtashindwa asubuhi na mapema. Lakini kampuni imepewa kiwanja kitupu. Mkataba wenyewe unasema, kama kuna watu wanaofanya kazi pale, kampuni haiwezi kuzungusha ua mpaka watu hao wapewe mahali pengine. Kwa hiyo tuna neno moja tu la kuthibitisha. Kwamba mpo, na mnafanya kazi."

"Hilo tu?" Shosho akauliza.

"Hilo tu, mama."

Shosho akacheka mpaka akashika kiuno. "Nithibitishe nipo! Ngai! Si waulize pua zao!" Halafu akamshika wakili mkono. "Mwanangu, njoo uone. Njoo hata Jumatatu."

Wakili akatazama viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, unaweza kujitazamia meno ndani yake. "Nitakuja, mama," akasema.

Hakuja. Haki ya Mungu, kama ningejua yatakayotokea, ningemburuta kwa ile tai yake mpaka katikati ya mifupa nimkalishe.

Tukafika kortini. Wakili wa kampuni alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya taratibu ya mtu aliyeshiba. Akasema pale hakuna kazi yoyote inayofanywa. Kuna jalala, na kuna wanawake wanaopita wakidonoa, kama kuku wanavyopita wakidonoa, na hakuna anayesema kuku wameajiriwa. Watu wakacheka. Akamwuliza Shosho kama ana leseni. Hana. Risiti? Hana. Kibao chenye jina la biashara? Watu wakacheka tena, hata askari wa mlangoni. Shosho alikuwa amesimama kizimbani ameshika ubao kwa mikono yote miwili, ile mikono aliyoisugua kwa jivu.

Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, mimi sijui karatasi. Njoo uone."

Maneno yale yale aliyomwambia wakili wetu. Na hakimu, tofauti na wakili wetu, akakubali. Akaandika, akasema atakuja Alhamisi asubuhi, aone kwa macho yake kama pale pana kazi au hapana.

Tulitoka nje tukikumbatiana. Wakili wetu naye alikuwa amelewa furaha. "Tumeshinda!" akasema. "Akiona tu, kesi imekwisha. Nyinyi mpokeeni kwa heshima, msimtukane mtu, basi." Akapanda gari lake akaenda zake.

Mpokeeni kwa heshima! Unawaambia wanawake waliolelewa na mama zao kwamba mgeni mkubwa anakuja, halafu unafunga mlango wa gari unaondoka. Ulitaka wafanye nini?

Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba hatuna hata kiti. Shosho akaniambia twende kwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mke wa karani wa reli, mwenye funguo za stoo. Huyo mama alikuwa na mapazia ya maua na kifua cha mbele. Alituzungumzia mlangoni, na mlango hakuufungua wote.

"Viti vya kanisa viende kwenye mifupa? Aka! Hakimu wa serikali mtamkalisha katikati ya mainzi? Aibu hiyo si yenu peke yenu, ni ya mtaa mzima. Watasema watu wa Shauri Moyo ndivyo tulivyo. Safisheni kwanza. Nitakuja kuangalia, nikiridhika mtapewa viti na kitambaa cha meza."

Tukarudi. Nilitaka kumtukana, lakini maneno yake yalikuwa yameniingia mahali. Wanangu wakubwa wa leo huniuliza, mama, kwani hamkuwa na akili? Tulikuwa nayo! Lakini nyinyi hamjawahi kusogezewa ndoo. Mtu anayeambiwa ananuka kila siku ya Mungu, siku moja aambiwe mtu mkubwa anakuja kumtazama, hatafikiria mkataba unasema nini. Atafikiria maji.

Jumatano hatukuokota kitu. Shosho mwenyewe ndiye aliyeleta ufagio.

"Shosho," nikamwambia, "si ulisema uwanja haufagiwi?"

"Nilisema hivyo kwa ajili ya misumari. Huyu si msumari, ni hakimu." Akanitupia ufagio mwingine. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Fagia!"

Tukafagia. Lori la kiwanda tuliliita kabla ya siku yake, na dereva alipoona haraka yetu alituchukulia mifupa mikavu tu, kwa bei ya kutuonea huruma, yaani huruma ya mamba. Makopo tukawabebea mafundi wa koroboi, chukueni, mtatulipa mkipenda. Yaliyobaki, pamoja na mifupa mibichi, tukayatia magunia tukayapeleka majumbani, mengine Shauri Moyo, mengine mpaka mtaa wa Mbotela alikokuwa akikaa mwenzetu mmoja, tukayasukuma chini ya vitanda. Pale ardhi ilipokuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka na miaka tukamwaga jivu, juu ya jivu mchanga wa mtoni, juu ya mchanga dawa ya choo. Shosho alifagia kinyumenyume, toka juu kuteremka, akifuta hata nyayo zake. Misumari na shaba na kila kilichokuwa vumbini vikaenda na maji. Hakuvitazama.

Jioni tulisimama tukapatazama. Palipendeza, jamani. Mwenzetu mmoja akasema, "Hata mimi ningekubali kuolewa hapa," tukacheka mpaka tukafuta machozi. Mwenyekiti wa akina mama akaja, akazunguka amekunja mikono, akatafuta kosa asilipate. "Hivi ndivyo watu wanavyotakiwa kuishi," akasema, akatupa viti. Usiku ule watoto wangu walilala wamejifunika pua kwa sababu ya magunia ya mifupa chini ya kitanda, na mimi nilikuwa na furaha. Sitawaficha. Nilikuwa na furaha kama siku nilipoolewa, na zaidi, maana siku niliyoolewa nilikuwa na wasiwasi.

Alhamisi asubuhi viti vilikuwa vimepangwa, meza ina kitambaa cheupe, chai ya maziwa iko kwenye chupa, mandazi yamefunikwa. Mwenyekiti wa akina mama alikuja mwenyewe kumimina chai, ili hakimu amwone. Sisi tulivaa vitambaa vipya vya kichwa. Magari yakateremka polepole: hakimu na karani wake, meneja na wakili wa kampuni, na wa mwisho wakili wetu, siku yake ya kwanza kukanyaga pale.

Alishuka akitabasamu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Akanijia haraka.

"Vitu viko wapi?"

"Vitu gani?"

"Mifupa! Chupa! Uchafu!"

"Tumeondoa, wakili. Si ulisema tumpokee kwa heshima?"

Akafumba macho. Sikuelewa. Nilidhani labda jua limempiga.

Wakili wa kampuni alielewa kabla hata hajafunga mlango wa gari. Nilimwona akisimama, akavuta hewa puani mara moja, akatazama mchanga, na uso wake ukalainika. Hakuwa na haraka. Aliketi kwenye kiti cha kanisa, akachukua andazi, akamshukuru mwenyekiti. Hakimu naye alikuwa ameketi, kikombe mkononi, karatasi gotini. Ndipo yule wakili mzee akamgeukia Shosho.

"Mama, hongera. Pasafi sana hapa."

"Asante, bwana."

"Huwa hivi siku zote?"

Shosho, Shosho! Neno moja tu. Ungesema hapana! Lakini nani kati yenu amewahi kumwambia mgeni kwamba kwake huwa kuchafu? Alijinyoosha, ule mgongo uliopinda, akaunyoosha mpaka nikasikia uchungu kwa niaba yake.

"Ndiyo, bwana. Sisi ni watu safi."

"Kwa hiyo hakuna chungu za mifupa hapa?"

"Hapana, bwana. Hakuna uchafu hapa."

Kalamu ya hakimu ikatembea. Wakili wetu akaruka kama aliyekalia makaa. "Mheshimiwa, wamesafisha kwa ajili yako! Jana palikuwa pamejaa! Tunaomba siku nyingine!"

"Siku nyingine ya nini?" mzee akauliza, bado anatafuna. "Waende wakalete takataka wapajaze, halafu tuziite ushahidi? Mheshimiwa amekuja kuona. Hakuja kusimuliwa."

Hapo ndipo Shosho alipoelewa. Niliona ikimfika, polepole, kwanza machoni, halafu mdomoni. Akatugeukia, akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu.

"Leteni! Leteni mifupa! Kimbieni!"

Tukakimbia. Tulipandisha nguo za Jumapili juu ya magoti, tukaingia mtaani mbio, tukavuta magunia chini ya vitanda, tukayatwika, tukarudi mbio mafuta yakituchuruzikia usoni. Watu walitoka milangoni. Wengine walidhani tumeiba. Wengine walitushangilia kama watu wa mbio za shule, wakishikana mbavu. Tulipoteremka uwanjani hakimu alikuwa amekwisha kusimama, karani anamfungulia mlango wa gari. Tukamwaga palepale, mbele yake, juu ya ule mchanga mweupe. Mainzi yakatufuata kama yaliyoalikwa. Shosho akapiga magoti, akanyanyua mfupa wa paja kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, ona! Hii ndiyo kazi yetu! Ona!"

Hakimu akarudi hatua nyuma ili kiatu chake kisiguswe. Wakili wa kampuni akapangusa vidole kwa leso.

"Naomba mheshimiwa aandike pia," akasema, "kwamba takataka zimeletwa kutoka kwingine, mbele ya macho yake."

Nyuma yetu mwenyekiti wa akina mama alikuwa akipiga kelele kuhusu viti. Alikuwa amekwisha kuvuta kitambaa cha meza, vikombe vikaanguka, anakikung'uta kana kwamba tumekimwagia ukoma. "Nilijua!" alikuwa akisema. "Nilijua tu!"

Hukumu ilisomwa upesi, kama mtu anayesoma bei za mboga. Hakimu alikuta uwanja mtupu uliofagiwa. Mlalamikaji mwenyewe alikiri kwamba huwa hivyo siku zote. Kisha taka zikaletwa hakimu akiwa hapo. Kampuni inaruhusiwa kuzungusha ua. Hakuwa mtu mbaya, yule hakimu. Aliona alichoonyeshwa.

Nje, kwenye ngazi za korti, wakili wetu alimfokea Shosho mbele ya watu. Mtoto wa juzi, anamfokea mama wa umri wa nyanyake. "Mlifagia ushahidi! Wajinga nyinyi, ni nani amewahi kufagia ushahidi?" Mate yalimtoka.

Mimi nikajibu. "Ungekuja siku moja tu! Siku moja tu, ungesikia harufu, ungetuambia tusiguse! Uliogopa viatu!"

Akaingia gari lake. Jumamosi iliyofuata kanisani alikuja wakili mwingine, wa mambo ya talaka.

Kampuni ikazungusha mabati. Geti likawekwa, na asubuhi moja meneja akasimama hapo kuchagua vibarua. Alituchagua kwa mikono, alitushika hapa juu ya kiwiko kama anayenunua mbuzi. Nilichaguliwa. Msinitazame hivyo, watoto walikuwa wanataka kula. Nilichambua mifupa ile ile, juu ya ardhi ile ile, kama kibarua wa mtu mwingine, na msimamizi wangu alikuwa yule mtu wa kamba wa kwetu. Siku ya kwanza alituambia, kwa fahari ya mtu aliyevumbua moto, kwamba hapa mfupa haukai na karatasi.

Shosho naye alipanga foleni. Meneja alipofika kwake hakumshika hata mkono. "Mama, wewe umezeeka, nenda ukapumzike." Wiki hiyo alikuja kila asubuhi akaketi nje ya geti juu ya debe lake. Sisi tulipita tukimwamkia, halafu tukaanza kupita tukiangalia chini. Halafu hakuja tena.

Sikuenda kumwona upesi. Nilikuwa nachoka, na pia sikutaka kuuona uso wake. Aliyenituma ni mwenyekiti wa akina mama, alinisimamisha kanisani baada ya ibada, akisimama mbali kidogo kama desturi yake. "Nenda umwangalie yule bibi yenu. Majirani wanalalamika. Hafagii nyumba, hatupi takataka, harufu inaingia kwa watu. Nenda wewe, nyinyi mnajuana kwa harufu."

Nikaenda. Mlango haukuwa umefungwa, ulikuwa umezuiwa na vitu. Nikasukuma kwa bega. Mungu wangu. Maganda ya viazi, jivu la jiko, maji machafu kwenye karai, vitambaa, makopo, na mifupa ya supu ya sijui lini imepangwa chungu karibu na mlango, ili mtu akiingia aione kwanza. Katikati ya hayo yote Shosho, juu ya debe, nguo ni ile ya siku ya hakimu. Mwanamke ambaye chumba chake, miaka yote nilipomjua, ungeweza kula ugali sakafuni. Uchafu wake wote ulikuwa wa uwanjani. Nyumbani hakuruhusu hata unywele.

Nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika, maana kama singekasirika ningelia. "Shosho, haya ni nini? Unataka watu wa afya waje wakutoe? Unataka kanjo ikunyang'anye chumba?" Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango, ni ule ule. Nikaushika nikaanza.

Sikujua bado ana nguvu hivyo. Alinikamata mkono nikaachia.

"Usifagie."

"Shosho, hapa panatisha."

"Ukifagia, watakuja kutazama waseme hapa hakuna mtu." Alisema taratibu, kama alivyokuwa akinifundisha kazi siku ile ya kwanza. "Acha hivyo hivyo. Wakija waone nipo."

Nikachuchumaa mbele yake kwenye maganda. Nikamshika mashavu, mikono yangu ikinuka mifupa ya watu wengine. "Shosho, nitazame. Mimi nakuona. Upo."

Akanitazama sana, kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyepotelewa na akili.

"Wewe si hakimu," akasema.

Nikaokota ufagio, nikaurudisha nyuma ya mlango.